Mpira wa miguu Zanzibar ulianzia Chuo cha Kiungani au kwa mabaharia? Tuweke mambo sawa

#1 MwanaKiunga

Salaam wakuu.

Nimekulia Unguja, na kila nilipokaa barazani na wazee waliocheza mpira zamani neno lilikuwa moja: mpira wa miguu hapa ulianza Kiungani kwa wanafunzi wa misheni, ndipo ukaingia mjini. Kiungani ninayosema ni St. Andrew's College ya UMCA, misheni ya Kianglikana, chuo alichokianzisha Askofu Steere mwaka 1864. Wanafunzi wake wa mwanzo hawakupelekwa shule na wazazi wao. Walikuwa watoto waliotekwa bara, Wayao, Wanyasa, Wamakua, wakateremshwa pwani na kupakiwa majahazini. Manowari za Kiingereza zikayakamata majahazi hayo, na watoto wakakabidhiwa misheni.

Maswali yangu ni mawili. Ni kweli mpira ulianzia pale? Na la pili, ambalo ndilo lililonikaa rohoni: siku ya mtoto yule ilikuwaje? Aliamka akafanya kazi gani, alasiri akacheza nini, na nani? Vitabu vimejaa habari za maaskofu. Mimi nataka habari za wale vijana.

Karibuni.

#2 Karani Mstaafu

Uzi mzuri, ila tusahihishe mlangoni kabla hatujaingia ndani.

Aliyeihamishia misheni Unguja mwaka 1864 ni Askofu William Tozer. Steere alifuatana naye akiwa padri, uaskofu akaupata 1874. Mwanzoni misheni ilikuwa Magomero, katika nchi ya Malawi ya leo, na mambo yaliwaharibikia: Askofu Mackenzie alifariki Januari 1862. Tozer ndiye aliyeamua kuhamia Unguja.

Wala chuo hakikuanzia Kiungani. Sultani Majid alimkabidhi Tozer wavulana watano waliotolewa katika jahazi lililokamatwa, na hao walikaa mjini kwanza. Shamba la Kiungani lilinunuliwa baadaye kidogo. Jina linajieleza lenyewe, kiunga ni shamba la pembezoni mwa mji.

#3 MwanaKiunga

Asante mzee, nimepokea. Tozer, si Steere.

#4 Refa wa Mchangani

Kabla ya kubishana nani aliuleta, tuulizane: mpira upi?

Chama cha soka cha Uingereza kiliundwa Oktoba 1863, yaani Tozer anafika Unguja chama hakijatimiza hata mwaka mmoja. Kabla ya hapo kila shule ilikuwa na sheria zake. Wengine walibeba mpira mikononi, wengine waliupiga chenga, na wanafunzi wa Cambridge waliandika sheria zao 1848 ili watu waliotoka shule tofauti waweze kucheza pamoja. Na hata baada ya 1863 mchezo haukuwa huu wetu. Mpira uliotoka nje ulirushwa kwa mkono mmoja mpaka 1882. Mwamba wa juu wa goli ulikuja kuwa lazima mwaka huohuo. Penalti na nyavu ni mambo ya 1891. Refa mwenyewe aliingia katikati ya uwanja 1891. Kabla yake kila timu ilikuja na mwamuzi wake na refa alikaa pembeni akisubiri waamuzi hao washindwe kuelewana.

Kwa hiyo ukiniambia "mpira ulichezwa Kiungani miaka ya 1870", nitauliza kama kulikuwa na mwamba juu, na nani alikuwa golini. Pengine walichokuwa wakicheza tungekiona leo tusikijue.

#5 Nahodha Jua

Wakuu, mnasahau manowari.

HMS London ilitia nanga bandarini Unguja tangu 1874 na kukaa karibu miaka 10. Ilikuwa meli kuukuu ya kivita iliyogeuzwa kituo, na kutoka hapo boti ndogo zilisambaa kufukuza majahazi ya watumwa. Mamia ya mabaharia, vijana wa Kiingereza, wamekaa bandari moja mwaka baada ya mwaka. Mnafikiri walishinda wakitazama maji tu? Mabaharia wakipewa ruhusa ya kushuka hutafuta uwanja, na wakiwa na mpira hucheza. Mimi nimefanya kazi melini miaka 14, najua mtu anavyokuwa anapoiona nchi kavu tambarare.

Kwangu mimi mpira ulishuka na boti za London. Kiungani waliupokea, kama mji ulivyoupokea.

#6 Bonde la Muheza

#5 umegusa jambo zito bila kujua. Mabaharia hao ndio waliowatoa watoto kwenye majahazi. Na kazi hiyo haikuwa ya mchezo: Kapteni Brownrigg wa London aliuawa Desemba 1881 alipolifuata jahazi la watumwa. Kama kweli mabaharia na vijana wa Kiungani waliwahi kucheza pamoja, basi kuna mtoto aliyemtambua upande wa pili mtu aliyemnyanyua kutoka tumbo la jahazi. Nikifikiria hilo nakosa neno.

Babu wa baba yangu alisoma Kiungani mwishoni mwa karne ile. Yeye hakuwa mtumwa aliyekombolewa, alitoka Magila. Miaka ya baadaye chuo kilipokea pia vijana kutoka vituo vya bara ili warudi kuwa walimu. Nitarudi, nina kitu cha kuwaonyesha.

#7 Dogo Hoja

Mbona iko wazi? UMCA maana yake ni misheni ya vyuo vikuu, Oxford na Cambridge, baadaye na Durham na Dublin. Livingstone alihutubia Cambridge Desemba 1857 na misheni ikatokana na hotuba ile. Walimu wa Kiungani walitoka vyuo hivyo, na vyuo hivyo ndivyo vilivyoutunga mpira. Steere kasoma Oxford, na Oxford walichukua Kombe la FA la kwanza kabisa 1872. Mwalimu wa namna hiyo akiona uwanja mtupu na vijana 50 atafanya nini? Kesi imekwisha.

#8 Karani Mstaafu

Kesi haijaisha, Dogo. Umekosea mara mbili kwenye mstari mmoja.

Steere hakusoma Oxford wala Cambridge. Alisoma University College London, na fani yake ilikuwa sheria. Kilichomkaa moyoni ni lugha na uchapaji. Kitabu chake cha kujifunzia Kiswahili na mkusanyiko wake wa hadithi za Unguja vyote vilitoka 1870.

#9 Refa wa Mchangani

Na Kombe la FA la 1872 lilichukuliwa na Wanderers, wakalichukua tena 1873 kwa kuwafunga haohao Oxford. Oxford walilipata 1874, waliwafunga Royal Engineers 2-0.

Lakini nimtetee Dogo, hoja yake ina mguu mmoja mzima. Chauncy Maples na William Percival Johnson, waliosoma pamoja chuo kimoja Oxford, walijiunga na misheni 1876. Maples alikuwa amepitia Charterhouse, moja ya shule zilizolea mchezo wa kukokota mpira kwa miguu wakati wengine wakiubeba. Miaka miwili tu baada ya Oxford kuchukua kombe, watu wa Oxford wanashuka Unguja. Sisemi walikuja na mpira sandukuni. Nasema walijua unachezwaje, na walijua sheria moja inayofanana, si kila mtu na yake.

#10 Dogo Hoja

Nimeshukuru kwa kusahihishwa na kwa kutetewa. Maples huyo ndiye aliyezama Ziwa Nyasa?

#11 Karani Mstaafu

Ndiye. Septemba 1895, ametoka kuwekewa mikono ya uaskofu wa Likoma, anarudi, hakufika.

#12 Waya wa Shangani

Natupa la tatu mezani. Waya wa simu za maandishi (telegrafu) wa chini ya bahari ulifika Unguja 1879, kutoka Aden kwenda kusini hadi Durban. Pamoja na waya walikuja makarani vijana wa Kiingereza, hawana familia, kazi yao ya zamu. Mtu wa zamu ana alasiri nzima ya bure. Wapo wanaosema mpira wa mjini uliletwa na makarani hao wa kampuni ya waya, na Kiungani walikuwa na wao mbali, vitu viwili sambamba. Baba yangu alifanya kazi posta na simulizi hii aliikuta kazini.

Tofauti yake na manowari ni hii: baharia yuko leo, kesho kahamishwa. Karani anakaa kituoni. Timu inataka watu wanaokaa.

#13 Nyali Kengeleni

Habari zenu kutoka Mombasa. Mmejifungia kisiwani kama vile pwani inaishia Chumbe. Freretown, hapa Nyali, ilianzishwa 1875 na CMS, misheni nyingine ya Kianglikana, kwa kazi ileile, makazi ya waliokombolewa. Mnara wa kengele bado upo, ndiyo maana eneo linaitwa Kengeleni. Na huku walikuwapo watu waliokwisha kusomeshwa Nasik, India, wakarudishwa Afrika wakijua Kiingereza, ufundi na mazoea ya shule ya bweni. Mbona hakuna anayeuliza kama wao walikuja na mchezo kutoka India?

#14 Nahodha Jua

Mombasa nanyi, hata embe likidondoka Tunguu mtasema mti uliolizaa ulitoka Kisauni 😄

Lakini hoja ya Nasik sikuwahi kuiwaza. Naiacha hapo.

#15 Bi Shamba Mbweni

Salaam. Nimesoma machapisho 14 na sijaona mtoto wa kike hata mmoja.

Misheni hiyohiyo ilikuwa na shamba la Mbweni, lililonunuliwa 1871, na shule ya wasichana, St. Mary's. Bibi Caroline Thackeray aliisimamia tangu 1877 kwa miaka mingi, na amezikwa hukohuko Mbweni. Magofu ya shule bado yapo, watalii wanapita. Wasichana walijifunza kusoma, kuandika, kushona, na waliofaa wakawa walimu. Wengine waliwekwa upande wa kazi za mikono, kupika na kufua. Vijana wa Kiungani walioa Mbweni, na misheni iliyataka hayo, mwalimu aende bara na mke aliyesoma. Kwa hiyo mkisema "maisha ya Kiungani" mnasema nusu ya kijiji.

Na michezo ilikuwapo. Bibi yangu alinifundisha rede, naye kafundishwa na bibi yake. Rede ina mpira, ina pande mbili, ina sheria na ina ugomvi. Hakuna mzungu aliyetufundisha kurusha mpira na kukwepa. Sasa mnapouliza "mpira ulianza lini", semeni mpira wa miguu wa wanaume, kumi na mmoja kwa kumi na mmoja.

#16 MwanaKiunga

Bi Shamba, umenirudisha darasani. Swali langu la pili lilikuwa siku ya mtoto, nami nikamwona mvulana peke yake. Samahani.

#17 Mpiga Chapa

Nimefanya kazi ya uchapaji miaka 30, nyingine ya herufi za risasi kabla ya kompyuta. Niingie kwenye swali la siku yao, maana mpira mmeshaugombania vya kutosha.

Kiungani palikuwa na mtambo wa kupigia chapa, na wavulana ndio walioufanyia kazi. Kazi za Steere zilipita katika mikono yao. Tafakarini kidogo: kijana ametekwa akiwa mdogo, Kiswahili kakikuta pwani kikiwa lugha ngeni, na baada ya miaka michache anasimama mbele ya kasha la herufi akipanga maneno ya Kiswahili moja moja. Kupanga herufi husomi kama msomavyo. Herufi ya risasi imegeuzwa, unaisoma kinyume, na mstari unaupanga ukiwa kichwa chini. Anayeweza hivyo lugha imemwingia mpaka vidoleni.

Na mwaka 1888 likaanza Msimulizi, gazeti la Kiswahili lililochapwa palepale, la habari za chuo na vituo vya bara. Wanafunzi na walimu Waafrika waliliandikia. Aliyetoka Kiungani akapelekwa Masasi au Magila aliweza kujua wenzake wanaendeleaje. Mtu akiniuliza klabu ya wanafunzi wa Kiungani ilikuwa ipi, nitamwambia lile gazeti. Uwanja una alasiri moja, gazeti linafika Newala.

#18 Mwalimu Juma3

Asante Mpiga Chapa kwa chapisho hili.

Nyongeza. Mwaka 1887 A. C. Madan, mwalimu wao aliyetoka Oxford, alitoa kwa Kiingereza kitabu cha simulizi za wanafunzi wa Kiungani wenyewe: kijijini kwao palikuwaje, walitekwaje, walipita wapi, nani aliwauza kwa nani. Wao walieleza kwa Kiswahili, yeye akatafsiri. Ni miongoni mwa sauti chache tulizonazo za watoto waliopita katika biashara ile. Madan huyu ndiye aliyetunga pia kamusi, ile ya Kiingereza kwa Kiswahili ilitoka 1894. Ninavyoona mimi, kamusi ile ina deni kwa vijana waliokaa naye wakimweleza maneno, ingawa jalada lina jina moja.

MwanaKiunga, jibu la swali lako la pili lianzie kwenye simulizi zile.

#19 Mzenji Muscat

Salaam kutoka Muscat. Nauliza jambo ambalo naona linaogopwa.

Kiungani ilikuwa chuo cha Wakristo, na wengi wao walikuwa watu waliotoka utumwani, ndani ya mji wa Waislamu. Vijana wa mjini wangeuchukuaje mchezo wa watu wa misheni? Marehemu baba yangu alicheza Mnazi Mmoja miaka ya 1950, miguu mitupu, vifundo amevifunga vitambaa. Wenzake walikuwa Washihiri, Wangazija, Wahindi, Waswahili wa Ng'ambo. Hakuna aliyeuliza mpira umetoka kanisani au sokoni. Mimi naamini uliingia mjini kwa sababu hauna sharti. Shule ya misheni ilimtaka mtu abadili dini au angalau akae nayo. Mpira ulimtaka afike alasiri.

#20 Refa wa Mchangani

Na mavazi je? UMCA hawakutaka kuwageuza vijana Wazungu, waliwaacha na kanzu na kofia. Kanzu unaweza kuchezea ukiikunja kiunoni, nimeona wazee wakicheza hivyo sikukuu. Lakini kuruka kichwa na kanzu ni kazi.

#21 Mzenji Muscat

Kumbe kijana wa Kiungani akitembea mjini alivaa kama sisi. Hilo nalo linasaidia hoja yangu. Kwa macho alikuwa mmoja wa vijana wa mji.

#22 Karani Mstaafu

Tusilipambe sana, Muscat. Kanzu ilikuwa moja, lakini mji ulijua nani katoka wapi. Mtu aliyetoka utumwani alikumbushwa asili yake kwa maneno na kwa kunyamaziwa. Ndiyo sababu waliambatana wao kwa wao. Tazama majina ya mwanzo: John Swedi na George Farajallah. Farajallah, faraja ya Mungu. Mtoto hana ukoo, anapewa jina la faraja.

#23 Dogo Hoja

Swedi ndiye padri wa kwanza Mwafrika wa UMCA, sawa?

#24 Karani Mstaafu

Swedi alikuwa shemasi, mwaka 1879. Upadri wa kwanza ni wa Cecil Majaliwa, 1890. Naye alikuwa Myao aliyekombolewa, akasoma Kiungani na baadaye Canterbury, kisha akafanya kazi kusini, Chitangali. Dogo, unasoma upesi, hilo ni zuri, ila weka kidole kwenye mstari.

#25 Kikapu Moshi

Wakuu mimi ni mtu wa mpira wa kikapu. Kikapu hakina ubishi huu: James Naismith, Springfield, Marekani, Desemba 1891, wanafunzi 18, vikapu viwili vya kuvunia matunda, sheria 13 zimeandikwa na kubandikwa ukutani. Baridi kali nje, vijana wamechoka mazoezi ya viungo ndani, mwalimu akatafuta mchezo.

Nauliza tu: kwa nini miaka ileile kila chuo duniani kilikuwa kikibuni au kueneza mchezo? Oxford na Cambridge walianza kushindana makasia 1829. Inaonekana si mpira tu uliosafiri, ni wazo zima kwamba shule bila uwanja haijatimia.

#26 Mwalimu Juma3

#25 hapo umefika penyewe. Waingereza wa wakati ule waliamini kijana wa Kikristo hujengwa mwili pamoja na roho, kwamba uwanjani anajifunza kutii, kuvumilia na kushindwa bila kununa. Imani hiyo waliitoa katika shule zao za bweni. Kwa hiyo hata kama mpira wenyewe ulishuka na mabaharia, aliyeuweka kwenye ratiba ya siku ni mwalimu. Kucheza siku moja na kuwa na mchezo ni mambo mawili.

#27 Nahodha Jua

Sikubali. Ratiba haimfundishi mtu kuupenda mchezo. Mimi shuleni nilichapwa nicheze netiboli ya maonyesho na sikuipenda mpaka leo. Mchezo hushika pale mtoto anapouiba akaenda kuucheza ambako mwalimu hamwoni.

#28 Langoni Lamu

Nikiwa mtu wa Lamu nina neno. Mnatafuta nani alileta mpira kana kwamba pwani ilikuwa imelala. Miji yetu ilikuwa na pande mbili zinazoshindana tangu zamani. Kwetu ni Mkomani na Langoni. Kwenye ngoma, mashairi, mashindano ya majahazi, kila jambo lilikuwa na upande huu na upande ule. Ilipokuja ngoma ya beni, na tarumbeta zake na vyeo vya kubuni, ikaingia kwenye ushindani uleule. Bara nako pande za beni zikawa Marini na Arinoti. Mpira ulipofika ulikuta kiti kimeshawekwa. Hivi Simba na Yanga mnafikiri ni urithi wa Oxford? Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 ni Mkomani na Langoni zilizovaa jezi.

Aliyeleta mpira alileta gozi tu. Uhai wake ni wetu.

#29 Nyali Kengeleni

Langoni umesema vizuri. Na kwenye beni msisahau bendi ya tarumbeta ya Freretown, wapo wanaoihesabu kuwa miongoni mwa chemchemi zake.

#30 Nahodha Jua

Nilijua tu 😄

#31 Minaki 77

Shikamooni wazee. Nimesoma Minaki, Kisarawe. Kwa wasiojua, Kiungani haikufa. Miaka ya 1920 kazi yake ilihamia bara, ikawa St. Andrew's Minaki, ndiyo Minaki ya leo. Sisi tulipofika mwaka wa kwanza kaka mmoja wa bweni alitukalisha akatuambia, "Shule hii ilivuka bahari." Hatukumwelewa. Tuliona mikorosho na vumbi jekundu, bahari iko wapi?

Tulikuwa na mechi za mabweni Jumamosi, na midahalo Ijumaa usiku, Kiswahili wiki moja na Kiingereza wiki ya pili. Kwenye mdahalo wangu wa kwanza nilisimama nikasahau kila kitu, na kijana wa bweni pinzani, aliyetakiwa kunipinga, akaninong'oneza neno langu la kuanzia. Tumekuwa marafiki tangu siku hiyo. Nikisoma #17 juu ya gazeti naona ni jambo lilelile, watu waliotolewa makwao wakitafuta namna ya kuwa ndugu.

#32 Waya wa Shangani

Minaki 77, kwenye habari za vyama umenikumbusha Martin Kayamba. Alizaliwa Mbweni 1891, akasoma Kiungani, na mwaka 1922 akaanzisha Tanga chama cha watumishi wa serikali Waafrika, TTACSA. Katika historia ya Tanganyika chama hicho hutajwa miongoni mwa vya mwanzo kabisa kabla ya TAA na TANU. Karani aliyelelewa bwenini anajua kuitisha kikao, kuandika kumbukumbu, kutunza fedha za chama. Ustadi huo haukuangushwa na mvua.

#33 Bi Shamba Mbweni

Kazaliwa *Mbweni*. Nilisema mimi.

#34 Refa wa Mchangani

Bi Shamba goli safi, refa nakubali, hakuna kuotea.

#35 Mwalimu Juma3

Jambo dogo la lugha. Neno "mpira" ni utomvu kwanza, ule unaogemwa kwenye mitambaazi ya msituni, bidhaa iliyosafirishwa kwa wingi kutoka pwani hii karne ile. Kitu kikabeba jina la malighafi yake. Kwa hiyo mtoto wa bara aliyefika Kiungani huenda alilijua donge la utomvu linaloruka kabla hajaliona gozi la ngozi la Kizungu. Hii inawapa nguvu #15 na #28, na inampunguzia nguvu kila anayetaka meli moja na siku moja.

#36 Nahodha Jua

Hainipunguzii kitu. Donge la utomvu si magoli mawili.

#37 Waya wa Shangani

Na magoli mawili si timu. Mimi nipo palepale, makarani.

#38 MwanaKiunga

Wakuu nimesoma yote mara mbili, na za Bi Shamba mara tatu. Jumapili nitashuka Kiungani na daftari, nione wazee gani bado wanaweza kunionyesha uwanja ulipokuwa. Kutoka huko nitatembea mpaka Mbweni. Bonde la Muheza, uliahidi kutuonyesha kitu.

#39 Bonde la Muheza

Samahani, mtandao ulinisumbua. Kitu chenyewe ni kidogo. Babu wa baba alipotoka Kiungani alirudi na herufi moja ya risasi, ya mtambo ule. Hakusema aliipataje. Ilikaa kwenye kikopo cha bati pamoja na vifungo, na sisi watoto tuliruhusiwa kuishika sikukuu tu. Sasa iko kwa shangazi yangu Muheza. Picha inagoma kupanda, nitajaribu tena.

#40 Mpiga Chapa

Ni herufi gani? Nauliza kwa sababu. Herufi zilizotoka Uingereza zilikuja kwa hesabu ya Kiingereza, e nyingi, t nyingi. Kiswahili kinakula a na k kuliko Kiingereza. Mpangaji wa Kiswahili kwenye kasha la Kiingereza huishiwa herufi hizo kabla ukurasa haujajaa, anakaa kusubiri ukurasa wa kwanza uchapwe ili azirudishe kashani.

#41 Bonde la Muheza

Nimempigia shangazi sasa hivi, ameitazama kwenye mwanga wa dirisha.

Ni k.